Sura ya Tano: Gauni Jeupe, Gauni la Kijani

Wake wawili wa mji mdogo, mashoga wa siku nyingi, wanakutana kila mmoja na barua yake ya mapenzi mkononi. Wanazilinganisha. Ni barua ileile neno kwa neno, jina la mwandikiwa tu ndilo limebadilika. Aliyeziandika ni Sir John Falstaff, mtu mwenye cheo kikubwa na tumbo kubwa lakini mfukoni hana kitu, naye amesikia kwamba wake hawa ndio wanaoshika funguo za fedha za waume zao. Hajampenda hata mmoja wao. Anatafuta pa kula. Mke wa Ford na mke wa Page wangeweza kumfukuza siku hiyohiyo na mambo yakaishia hapo. Wanaamua kumchekea na kumkaribisha nyumbani.

Hivyo ndivyo inavyoanza The Merry Wives of Windsor, komedi ambayo William Shakespeare aliiandika mwishoni mwa karne ya 16 na ambayo sisi tumeipata kwa jina la Wanawake wa Heri wa Winsa. Ilichezwa kwa Kiswahili Aprili 2012 katika ukumbi wa Globe jijini London, kwenye tamasha lililokusanya tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37. Waliopeleka Kiswahili ni kundi la Bitter Pill la Nairobi, kwa tafsiri ya Joshua Ogutu, na aliyevaa uhusika wa Falstaff ni Mtanzania, Mrisho Mpoto, yule mghani tunayemjua kwa Mjomba na Nikipata Nauli. Watazamaji wa London walisimama uwanjani chini ya anga wazi, bila tafsiri ya maneno, wakipewa muhtasari tu wa kila onyesho, na walicheka. Mchezo ulirekodiwa, ndiyo maana sisi ambao hatukuwepo tunaweza kuuzungumzia kama filamu.

Zipo filamu za Shakespeare zenye nyota wakubwa zaidi. Ile ya mwaka 1967 ya Elizabeth Taylor na Richard Burton, ambamo mume anamnyima mkewe chakula na usingizi mpaka anyenyekee, imetazamwa na watu wengi mno, nami siwezi kumwekea binti yangu aicheke. Hii ya Winsa ninaichagua kwa sababu ndani yake wanawake wanafikiri, na kwa sababu mambo yake nayaona nikitembea hapa Mpanda, kutoka Kashaulili hadi Makanyagio.

Tazama kapu. Falstaff amefika kwa mke wa Ford, ameanza maneno yake matamu, mara habari inaingia kwamba mume yuko njiani na majirani, anakuja kupekua. Sebuleni pana kapu kubwa la nguo chafu, limeandaliwa tangu asubuhi. Yule bwana mkubwa anajikunja ndani yake, anafunikwa kwa mashuka yanayonuka jasho na mafuta, na watumishi wawili wanalibeba nje. Mlangoni wanapishana na Ford mwenyewe. Anauliza linakwenda wapi. Mkewe anamjibu kwa swali: tangu lini mambo ya kufua yakakuhusu? Ford anaachia kapu lipite. Wanaume wengine watano wangekuwa pale, nao wangeliachia, kwa maana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua nguo za nyumba hiyo zinafuliwa wapi, na nani, siku gani. Kapu linamwagwa kwenye tope la mto Thames, Falstaff akiwamo.

Mgawanyo wa kazi kati ya mume na mke, ambao kwa kawaida humlemea mwanamke, hapa umempa mahali ambapo jicho la mume halifiki. Wanawake wa kwetu wanapajua mahali hapo. Akiba ya kikoba hulala ndani ya debe la unga, kwa kuwa mume atafungua kabati na begi, na hata simu ataipekua, lakini hatatia mkono kwenye unga. Hila ya mke wa Ford imetokana na kuijua nyumba yake kuliko anavyoijua mwenye nyumba.

Falstaff aliwezaje kujaribu? Ni mgeni. Winsa ni mji ambamo kila mtu anamjua mwenzake, naye amekuja na cheo kisicho na ukoo nyuma yake wala jirani wa kumsemea. Hapo Katavi ina la kusema. Mkoa wetu ulitangazwa rasmi Machi 2012, mwezi mmoja kabla ya mchezo ule, ukamegwa kutoka Rukwa. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Mkoa umejaa maradufu katika miaka kumi, na uzazi peke yake hauwezi kufanya hivyo. Watu wamekuja na mifugo kutoka Usukumani, wamefuata mpunga wa Mpimbwe, tumbaku, na dhahabu ya Ibindi na Dirifu. Kabla yao walikuja wale wa Katumba na Mishamo waliokimbia Burundi mwaka 1972. Mimi ni mtetezi wa mchanganyiko huu. Ndio uliojenga Mpanda, tangu reli ya kutoka Kaliua ilipoletwa kwa ajili ya madini ya risasi. Lakini kwa upande wa ndoa umeleta jambo moja gumu: mchumba anashuka kwenye basi akiwa hana wa kumsemea. Huko atokako huenda ana mke na watoto watatu. Zamani mshenga alikwenda kuuliza ukoo, magonjwa, hulka ya baba yake. Leo anampigia nani?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililiona hili. Inataka nia ya kuoana itangazwe siku 21 kabla, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Inasema pia, katika kifungu cha 16, kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kulazimishwa au kwa ulaghai haihesabiki kuwa ridhaa ya hiari. Hiki ni kifungu ambacho kila msichana wa Katavi angepaswa kukijua kwa moyo. Tatizo ni kwamba ndoa nyingi za machimboni na mashambani hazina tangazo. Watu wanahamiana, mtoto anazaliwa, na siri inafumuka baadaye.

Ford ana ugonjwa mwingine. Page, jirani yake, anamwamini mkewe na analala usingizi. Ford anajibadilisha jina, anajiita Brook, anamwendea Falstaff na mfuko wa fedha na kumwajiri amtongoze mke wake yeye mwenyewe, apate ushahidi. Sina haja ya kwenda Winsa kumtafuta mwanamume wa namna hiyo. Anamtuma rafiki amtumie mkewe ujumbe wa mapenzi kwa namba ngeni, kisha anakaa pembeni kusubiri jibu. Jibu likija la heshima, hatulii. Anasema mke ni mjanja. Ford ndivyo alivyo. Kila asipokuta kitu, wivu wake unazidi.

Safari ya pili Falstaff hawezi kuingia kapuni tena, kwa maana safari hii Ford analimwaga kapu lote sakafuni na kuchambua nguo moja moja. Wanawake wanamvisha gauni la shangazi mmoja mnene wa kijakazi wao, ajuza wa Brentford, ambaye Ford anamchukia na kumwita mchawi. Falstaff anashuka ngazi akiwa ajuza. Ford anachukua fimbo na kumcharaza mpaka mlangoni, akimtukana kwa uchawi wake. Watazamaji wanaangua kicheko, na nawaelewa, kwa sababu sisi tunajua nani yuko ndani ya gauni. Ford hajui. Kwa akili yake anampiga bibi kizee. Baada ya hapo mchungaji aliyekuwapo anasema ameona ndevu chini ya mtandio. Anahitimisha nini? Kwamba huyo ni mchawi kweli. Mtu ameona ndevu mbele ya macho yake, na bado ameona wepesi kuamini uchawi kuliko kuamini kwamba huyo ni mwanamume.

Nikifika hapo sicheki. Kanda ya Ziwa na mikoa yetu ya magharibi imezika vikongwe waliouawa kwa tuhuma hizo, wengine kwa ushahidi wa macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa kuni wa miaka hamsini ya kuwapikia watu haohao. Ford hakuhitaji ushahidi hata huo. Alihitaji mwanamke mzee, asiye na mume wa kumtetea, na fimbo. Shakespeare ameliweka tukio hili katikati ya komedi na kuliacha lipite; mwongozaji wa Afrika Mashariki hawezi kuliacha lipite. Anayelipeleka jukwaani kwetu anapaswa kuwafanya watu wacheke kisha kicheko kiwakwame. Wanaume waliosimama pale hawazuii fimbo. Anayesema kuona aibu kungefaa ni mke wa Page, naye alikuwa mmoja wa waliopanga. Na tukumbuke pia kwamba Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, imekataza mume kumpiga mke au mke kumpiga mume. Imekataza tangu 1971. Ukisema hivyo kwenye baraza la kijiji bado utaona nyuso zikishangaa.

Mpaka hapo nimezungumzia wanawake watu wazima, wenye nyumba zao, wanaomdanganya mtu mwovu wakijua wanachofanya na jinsi ya kukikomesha. Baadaye wanawaambia waume zao kila kitu, na Ford anaomba radhi. Udanganyifu huo siuonei haya. Ila ndani ya mchezo huohuo kuna udanganyifu mwingine, wa kumzunguka Anne, binti wa Page, na huo watu wengi hutoka ukumbini wakiwa wameusherehekea bila kuuangalia.

Anne anatakwa na watu watatu. Baba amemchagua Slender, kijana wa kipato cha pauni 300 kwa mwaka na ulimi usiojua kusema na msichana. Mama amemchagua daktari Mfaransa, Caius, mwenye fedha na hasira. Moyo wa Anne uko kwa Fenton, kijana wa ukoo mkubwa aliyekwisha kutapanya mali yake. Katikati yuko Bi Quickly, mshenga anayewaahidi wote watatu kwamba atawasaidia kumpata binti. Namtaja haraka, kwa kuwa washenga wa namna hiyo tunao na hawahitaji kuelezwa.

Usiku wa mwisho watu wamejificha msituni, chini ya mti wa mwaloni, ili wamtishe Falstaff kwa mara ya tatu. Baba amempanga Anne avae gauni jeupe ili Slender amtambue, amshike mkono na kukimbia naye kanisani. Mama, kwa siri ya baba, amempanga avae la kijani ili daktari amchukue. Binti ameitikia kote kuwili. Slender anaondoka na mwenye gauni jeupe, Caius anaondoka na mwenye la kijani, na wote wawili wanagundua wamechukua wavulana. Anne yuko na Fenton, wamekwisha funga ndoa.

Watu hupiga makofi. Mapenzi yameshinda fedha. Nami nilipiga makofi, mpaka niliposoma upya onyesho la kwanza kabisa, pale mchungaji anapotaja urithi ambao babu amemwachia Anne: pauni 700, atakazopewa atakapotimiza miaka 17. Kumbe hajaitimiza. Na Fenton mwenyewe, kwa kinywa chake, anakiri kwa Anne kwamba kilichomvuta kwanza ni utajiri wa baba yake. Mapenzi, anasema, yalikuja baadaye.

Sasa mlete Anne Mpanda. Kwa Sheria ya Ndoa, kifungu cha 13, mvulana anaoa akifika miaka 18, msichana anaolewa akifika 15. Kifungu cha 17 kinamtaka msichana aliye chini ya miaka 18 apate idhini ya baba. Baba akiwa amefariki, ya mama. Wote wakiwa wamefariki, ya mlezi. Kwa hiyo Anne angeweza kuolewa na Slender kwa mhuri wa baba, ilimradi naye aseme ndiyo mbele ya mfungishaji, na wanaojua nyumba zetu wanajua ndiyo ya msichana wa miaka 16 mbele ya baba yake ina uzito gani. Fenton asingempata mpaka mahakama iingilie kati. Sheria imemlinda Anne dhidi ya Fenton na kumwacha wazi kwa Slender.

Mwalimu Nyerere alimjua msichana wa aina hii. Akiwa Makerere mwaka 1944 aliandika insha ya kutetea uhuru wa wanawake katika jamii zetu. Mwaka 1969 Mabepari wa Venisi, tamthilia nyingine ya Shakespeare, ilitoka kwa tafsiri yake, na ndani yake mna Portia, msichana tajiri ambaye wosia wa baba aliyekufa unamlazimisha kuolewa na yeyote atakayechagua sanduku sahihi kati ya matatu. Portia analalamika kwamba hawezi kuchagua wala kukataa, kisha anavaa mavazi ya mwanasheria na kuonyesha akili kuliko wanaume wote mahakamani. Miaka miwili baada ya kitabu hicho, chini ya urais wa mtu yuleyule, ikapita sheria iliyoacha mkono wa baba juu ya binti wa miaka 15. Sheria hiyo ilikuwa na mengi ya kishujaa kwa wakati wake, na kifungu cha 66 ni kimojawapo. Lakini hapo palibaki kasoro, na kasoro hiyo imewagharimu watoto wetu.

Tuseme na lile linalojulikana Katavi na Tabora kwa jina la chagulaga. Msichana anatoka mnadani au ngomani, vijana wanamzunguka, wanamtaka achague mmoja wao. Kwa maneno, ni yeye anayechagua. Ila duara limefungwa, na jibu la kutomtaka yeyote halimfungulii njia. Wazee wanaoitetea husema ilikuwa posa ya hadharani, yenye heshima zake. Ninachokiona mimi ni masanduku matatu ya Portia yamegeuzwa: yeye hakuruhusiwa kuchagua, huyu wa kwetu haruhusiwi kutochagua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliikuta Katavi ikiongoza nchi kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Karibu nusu. Nyuma ya wengi wao kuna mtu aliyesema atamuoa.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa mahakamani, na Julai 2016 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita, ukapita na wa pili, vifungu vikiwa palepale. Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Uingereza ya Shakespeare iliruhusu msichana aolewe na miaka 12, na haikubadili umri huo mpaka 1929. England na Wales zimefika miaka 18 kamili, kwa wote, Februari 2023. Hakuna aliyezaliwa na hekima hii. Kila nchi imeifikia kwa kugombana na wazee wake.

Katavi ina jambo jingine, la zamani zaidi, ambalo linanipa moyo. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder amefuatilia ndoa za kijiji kimoja cha Wapimbwe kuanzia mwaka 1995. Alikuta ndoa nyingi hazina sherehe kubwa: mtu na mwenzake wanahesabika wameoana wakikaa nyumba moja, na wameachana mmoja akiondoka, awe mume au mke. Mwaka 2009 alichapisha alichokiona kwenye hesabu zake. Sayansi ilizoea kusema mwanamume ndiye anayefaidika kwa kubadili wenzi. Mpimbwe ilikuwa kinyume: wanawake walioolewa zaidi ya mara moja walikuwa na watoto wengi zaidi walionusurika, na wanaume hawakupata faida hiyo. Kwa maelezo yake, mwanamke anaweza kumwacha mume asiyelima na kwenda kwa anayelima, na watoto wakala. Maisha hayo nayo yana maumivu yake, na watoto huhama nyumba. Ila mwanamke yule haihitaji hila ya gauni. Anamwambia mume amechoka, anachukua sufuria zake, anaondoka mchana kweupe mbele ya majirani.

Anne Page hakuwa na mlango huo. Mahakama za Uingereza hazikuanza kutoa talaka ya kumruhusu mtu aolewe tena mpaka sheria ya mwaka 1857. Ilimbidi apate sawa usiku mmoja, msituni, akiwa bado hajafikisha miaka 17, kati ya mtu wa baba, mtu wa mama na mtu aliyekuja kwanza kwa ajili ya fedha. Ningependa asiolewe na yeyote mwaka ule. Ningependa apewe pauni zake 700, akae nazo miaka michache, ndipo aulizwe.

Na ukiangalia onyesho la mwisho utaona jambo. Wanandoa wanaporudi, Anne anaomba msamaha kwa baba, anaomba kwa mama, basi. Anayesimama kueleza kwa nini binti amekataa ndoa za kulazimishwa ni Fenton, kwa hotuba nzuri, na wazazi wanamjibu yeye. Siku mchezo huu utakapochezwa Mpanda, ningemwomba mwongozaji amnyang'anye Fenton hotuba hiyo na kumpa Anne aiseme mwenyewe, mbele ya baba yake, kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma wataisikia.